Bakuli la Asiyekuwepo

Dolmoru, 4 Machi 1976

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limepata nafuu na baridi imekupungukia, na baba mdogo bado anakoroma salama. Mimi mwili ni mzima. Mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, na nakuandikia nikiwa nimekalia gunia la soya ghalani ili mkwe wangu asinione.

Mume wangu Taeseop aliondoka mara tu baada ya sikukuu ya mwaka mpya. Amekwenda na wenzake kule jangwani kwa Waarabu kujenga bandari, mkataba wa mwaka mmoja. Nyumba imebaki na wanawake wawili ambao hawajui waongee nini. Mama mkwe si mtu mbaya, nisimsingizie. Ila kwake kila nipikacho kina chumvi nyingi kwa sababu nimetoka Jeonju, na kila nisemacho kina maneno mengi kwa sababu hiyohiyo. Jina langu hajawahi kulitamka. Kijiji kizima kinaniita "wa Jeonju", kama vile ni kikapu kilichonunuliwa huko.

Nawe unajua maana ya kuolewa na mtoto wa kwanza wa kiume katika nchi hii ya Andong. Tambiko la babu likiisha, la babu yake babu liko mlangoni. Tangu nifike nimewapikia marehemu kuliko nilivyowapikia walio hai, na marehemu angalau hawalalamiki chumvi.

Jioni, mkwe wangu ana jambo lake. Kabla sisi wawili hatujala, anapakua wali kwenye bakuli la shaba la Taeseop, anafunika kifuniko, analizungushia shuka na kuliweka pale sakafu inaposhika joto la jiko, ili lisipoe. Kila siku! Mtu yuko upande wa pili wa dunia, na wali wake unangoja. Asubuhi wali ule naula mimi, umeshakuwa mgumu. Wazee wa kwetu nao walifanya hivyo mtu akichelewa kurudi sokoni, lakini huyu amechelewa mwaka.

Sasa neno lenyewe. Ng'ambo ya kijito kuna kanisa dogo la bati. Kengele yao ni mtungi wa gesi uliokatwa, na kila siku saa kumi na moja alfajiri naisikia ikiwaita watu kwenye maombi. Siwezi kwenda. Jumapili najipenyeza nikiwa na beseni la nguo kichwani, nguo zinabaki mtoni, mimi naingia kanisani kidogo. Basi. Hata nikiomba, Mama mdogo, ni kama naongea na ukuta, na ukuta angalau una mende. Huko kwenu, tulipokuwa tukiomba wote kwa sauti, kila mtu na lake, nilihisi Mungu yuko karibu kabisa. Siku hizi najiuliza kama nilikuwa namhisi yeye au nilikuwa nakusikia wewe tu, maana una sauti.

Niambie la kufanya. Naogopa nitampoteza kabla sijamjua vizuri.

Mwanao,
Malsun


Jeonju, 15 Machi 1976

Mwanangu Malsun,

Salamu zangu zivuke milima yote iliyo kati yetu zikufikie ukiwa umeshiba. Sisi tupo. Goti limetulia. Baba yako mdogo ana mafua, na anavyougua utadhani yeye ndiye aliyeyagundua.

Kwanza, sauti yangu iache. Mungu mwenyewe hajailalamikia.

Pili, usione ajabu kutohisi kitu. Mtu ukimwona kila siku unamzoea hata humtazami. Asiyeonekana ndiye mwenye kazi, lazima umtengenezee nafasi kila siku la sivyo unamsahau. Mimi nilipookoka nilikuwa mkavu kama wewe. Bibi mmoja wa kanisani akaniambia, "Ukishindwa kuomba, weka kijiko." Ndilo ninalokuambia na wewe. Kabla mchele haujaingia sufuriani, asubuhi na jioni, chota kijiko kimoja weka pembeni, ni cha Mungu. Jumapili upeleke kanisani, wale wajane na mchungaji. Wanawake wote wa kanisa letu wanafanya hivyo, hata waliokuwa wakila uji wa shayiri wakati wa vita walifanya. Humo ndani ya bahasha kubwa nimetia mfuko niliokushonea, una msalaba mwekundu kwa uzi. Tafuta chungu kidogo, uufiche humo.

Kijiko nacho ni ombi. Siku nyingine ndilo ombi pekee utakalokuwa nalo.

Na hilo la jina lisikuumize. Wewe walikuita "wa mwisho" ili wasizae binti mwingine. Mimi walinipa Pilnam, "lazima aje mvulana", na kweli akaja, mjomba wako, na faida yake hadi leo tunaitafuta. Mungu anatuita hivyohivyo na hacheki.

Mama yako mdogo,
Pilnam


Dolmoru, 30 Mei 1976

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo, na poleni na kazi za kupandikiza mpunga. Huku migongo yetu imepinda lakini tunashukuru, mvua imekuja kwa adabu. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa natafuta namna ya kuliandika hili lisionekane baya, na sikuipata.

Nilifanya ulivyosema. Nilipata chungu kidogo chenye kifuniko, nikakiweka nyuma ya kuni jikoni, mfuko wako chini, mchele juu. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Sikusikia sauti yoyote kutoka mbinguni, lakini mkono ulizoea, na nikawa nikichota nasema, "Hiki chako." Nilianza kufurahi kidogo.

Majuma mawili yaliyopita narudi kutoka shambani nakuta mama mkwe amepiga magoti mbele ya kuni, kifuniko mkononi, analia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku Taeseop alipopanda basi. Nikajua ndiyo mwisho wangu.

Akaniuliza, "Ni cha wazee?"

Nyumba hii, Mama mdogo, ilikuwa na chungu cha wazee, cha mchele, alichorithi kwa mama mkwe wake, naye kwa wake. Miaka minne iliyopita vijana wa ile kampeni ya serikali ya kijiji kipya walipita nyumba kwa nyumba wakisema ni ushirikina, wakakipasulia uani. Alizoa vigae kwa mikono. Sasa ameona mchele chunguni, kwenye kona, umefunikwa vizuri, mtu angewaza nini kingine? Aliona mke wa mwanawe, yule wa Jeonju mwenye chumvi nyingi, amewarudisha wazee nyumbani kimyakimya.

Nami nikainamisha kichwa. Na unajua kwamba mbele ya mkwe, kuinamisha kichwa ni kusema ndiyo.

Tangu siku hiyo mimi ni dhahabu. Chungu amekipandisha kwenye rafu. Kila alfajiri anaweka mbele yake bakuli la maji safi ya kisima, anasugua viganja na kusema, "Mwanangu arudi mzima, mwanangu asiungue jua, mwanangu ale." Na kila akipita anaongeza konzi ya mchele, ule mweupe tunaotunzia wageni! Jumapili nauchota kidogokidogo kwenye kitambaa wakati amekwenda kwa jirani. Wajane wa kanisani wanakula vizuri kuliko zamani, na mimi sipati usingizi.

Unajua kinachoniuma zaidi? Anaomba kuliko mimi. Anaongea na chungu kama mtu anayeongea na mtu. Mimi niliye na Mungu wa kweli nimesimama nyuma yake na sufuria, sina la kusema.

Mwanao mwenye haya,
Malsun


Jeonju, 9 Juni 1976

Mwanangu,

Tuko salama, na wewe uwe salama. Nimeisoma barua yako nikacheka mpaka baba yako mdogo akaja kuuliza nani kafa. Nikamsomea naye akacheka. Kisha akafuta macho akasema, "Maskini mama wa watu." Hapo na mimi nikaacha kucheka.

Malsun, mwambie. Mama huyo amelilia chungu chake miaka minne, na wewe unamwacha akumbatie kivuli. Mungu haoni haya kukaa chunguni, lakini kwenye uongo hakai. Kama unamsikia yuko mbali, anzia hapo kumtafuta.

Najua unachoogopa. Anaweza kukurudisha kwetu na kifurushi chako. Akikurudisha, mlango wangu unaujua. Lakini sema wewe mwenyewe, asijue kwa njia nyingine. Mwongo wa kukiri husamehewa, wa kufumaniwa hufukuzwa.

Nakuombea kila alfajiri, kwa sauti ileile unayoijua.

Mama yako mdogo,
Pilnam


Dolmoru, 2 Agosti 1976

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Joto la huku linatoa jasho hata kwa mawe. Natumaini nyumbani kwenu upepo upo, na kwamba hukunikasirikia. Sijasema.

Nilikuwa tayari, nakuapia. Lakini barua za Taeseop zilikatika tangu Aprili, hata moja haikuja, na mama mkwe akaanza kukonda. Bakuli la jioni aliendelea kulifunga shuka. Ningemwambiaje kwamba hata anayemwomba hayumo mle chunguni? Nikasema nitangoja barua ije.

Imekuja juzi. Aliugua homa ya ini, akalazwa, hakutaka kutuogopesha. Sasa anakula na anasema amenenepa. Mama mkwe alinikalisha nikaisoma mara tatu, kisha akasimama akapika keki ya mchele na maharage mekundu, sinia zima, akaiweka wapi? Mbele ya chungu! Akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

Niliona wivu, Mama mdogo. Nicheke ukitaka. Miezi yote hiyo nilimlilia Mungu wangu kifuani, mkavu hivyohivyo, nikimwambia mlinde, mlinde. Amemlinda, na shukrani imepewa udongo. Nikajisemea moyoni, Bwana, si mimi niliyekunyang'anya keki yako? Ndilo ombi la kwanza tangu niolewe nililolisema na kuhisi kuna mtu upande wa pili. Nilihisi ananitazama, na hakuwa akicheka.

Kwenye sikukuu ya mavuno chungu kitafunguliwa, mchele wa zamani utolewe utiwe mpya, na ukoo mzima utakuwepo. Chini kuna mfuko wako wenye msalaba. Kwa hiyo nimekata shauri: jioni ya kuamkia sikukuu, tukimaliza kukanda maandazi ya mchele, nitamwambia. Niombee nisimeze ulimi.

Mwanao,
Malsun


Jeonju, 28 Septemba 1976

Mwanangu Malsun,

Salamu. Sisi hatujambo, hofu yote iko upande wako. Sikukuu imepita, mwezi mpevu umeshaliwa na kuisha, na sijaona barua. Umesema? Amekujibu nini? Andika hata mstari mmoja. Andika "nipo" tu, nitaelewa.

Mama yako mdogo


Jeonju, 12 Novemba 1976

Malsun mwanangu,

Salamu za mtu asiyelala vizuri. Kila mwendesha baiskeli akipita nadhani ni posta. Baba yako mdogo amechoka kuniambia nitulie, naye nimemfuma mara mbili amesimama njia panda akitazama basi la kutoka mashariki.

Nimewaza sana. Mimi ndiye niliyekuambia chungu, mimi ndiye niliyekuambia sema. Nimekaa Jeonju na mume anayeimba kwaya, halafu namfundisha ushujaa mtoto aliye peke yake katikati ya ukoo wa watu. Nisamehe.

Nikuambie neno ambalo kanisani hawalijui. Kelele zangu zote zile za alfajiri, siku nyingi sisikii kitu. Napiga kelele kwa sababu naogopa ule ukimya. Majuma haya nilipokuwa nakuombea nilishindwa hata kupiga kelele. Nilikaa tu kwenye mto wangu wa kukalia, nikasema, "Unamwona, mimi simwoni." Nikakaa na hilo. Ajabu ni kwamba sijawahi kumsikia Mungu karibu kama nilipoacha kumpigia makelele.

Tukishamaliza kutia kabichi ya akiba ya baridi kwenye mitungi, sibaki tena hapa. Nakuja. Kama wamekufukuza na uko kwa watu nakuja kukuchukua, kama umefungiwa nakuja kugonga mlango. Mwambie mkwe wako ajiandae, sauti inakuja yenyewe.

Mama yako mdogo,
Pilnam


Dolmoru, 20 Desemba 1976

Mama mdogo wangu,

Shikamoo, shikamoo, na usije kwa hasira! Mimi nipo. Niko mzima, nimeshiba, nimekaa penye joto, na barua hii naiandika chumbani mchana kweupe, si ghalani. Barua zako mbili nimezipata jana, zote kwa pamoja. Nilizisoma nikalia, nikacheka, nikalia tena. Utaelewa zilikokuwa. Acha nikueleze tangu mwanzo.

Sikuwahi kusema. Jioni ile ya kuamkia sikukuu nilikuwa nimeshapanga maneno, nikatoka kwenda kuchuma majani ya msonobari ya kuchemshia maandazi. Niliporudi, chungu kilikuwa katikati ya sakafu, mfuko wako umelala pembeni, msalaba juu. Alitaka kukisafisha kabla wakubwa hawajafika.

Hakupiga kelele, Mama mdogo. Ningeomba apige. Alisema, "Ondoa," basi. Nikaondoa. Usiku kucha tulikanda unga. Asubuhi ukoo ukaja, wakala, wakafanya tambiko, mke wa baba mkubwa akauliza, "Na kile chungu ulichokuwa unatusifia kiko wapi?" Nikajua sasa ndiyo sasa. Mama mkwe akajibu, "Kimepata ufa," akaendelea kumenya mapeasi.

Kuanzia hapo hakusema nami. Alijipikia mwenyewe. Nilifunga kifurushi changu nikakiweka nyuma ya mlango, nikawa nangoja neno la kuondoka, na neno halikuja. Barua kwako sikuandika maana sikujua niandike nikiwa nani, mke wa mtu au mtu aliyeachwa. Na zako hazikuja, nikasema, hata Mama mdogo amenichoka. Kumbe alikuwa akizipokea yeye kwa posta na kuzitia chini ya godoro. Kusoma hajui. Alidhani tunapanga nitoroke. Jana alipotoa godoro kulianika ndipo akanikabidhi mwenyewe.

Jambo moja tu hakuliacha. Bakuli la Taeseop. Kila jioni, shuka, sakafu yenye joto. Nami sikuacha kijiko. Chungu nilikirudisha nyuma ya kuni, nikawa nachota nasema, "Hiki chako, na mimi nimeharibu, na sijui nifanye nini." Ndiyo maombi yangu yote ya vuli. Sikuhisi ukuta tena. Mtu ukishafumaniwa huna cha kuficha, unaongea tu.

Sasa sikiliza. Mwanzoni mwa mwezi huu theluji ya kwanza ilianguka. Alfajiri naamka, kitanda chake kitupu. Uani hayupo, kisimani hayupo. Nikaona nyayo kwenye theluji zinaelekea kijitoni. Mama mdogo, nilikimbia hata koti sikuvaa, maana nilifikiria maji. Nyayo zikavuka daraja. Zikapanda mpaka kanisani. Pale ngazini, katikati ya viatu vya mpira vya wanawake wote, vyeupe vyote, nikaona vyake. Navijua kwa uzi wa bluu niliomshonea kisigino ili visichanganyike kwenye harusi na misiba.

Ndani walikuwa wameshaanza kuomba kwa sauti, wote kwa pamoja, unajua inavyokuwa, huyu ana deni, huyu ana mume mlevi, mvua ya maneno. Sikuthubutu kuingia. Nikasimama ukutani. Na katikati ya sauti zote nikasikia yake, ile ya kwenye chungu, ileile. "Mwanangu arudi mzima. Mwanangu ale." Kisha ikasema, "Na huyu Malsun. Na huyu Malsun wangu, ana baridi moyoni na mimi ndiye niliyemtia."

Sikujua kama analijua jina langu. Tangu niolewe nimemwita Mungu nikidhani niko peke yangu upande huu, simwoni, hanioni, na hapo kumbe mtu ananitaja kwake, tena mtu niliyemkosea. Nilichuchumaa kwenye theluji nikalia. Sikuona kitu, Mama mdogo, sikusikia sauti ya mbinguni. Lakini nilijua yupo, kama unavyojua kuna mtu chumbani hata ukiwa umempa mgongo.

Walipotoka akanikuta.

"Umesimama hapo kama mlingoti, unataka ugande nianze kukuuguza?"

"Mama, umefuata nini huku?"

"Nimekuja kudai mchele wangu. Miezi yote hiyo natia mchele mweupe, unakula wewe na mchungaji wako!"

"Wamekurudishia?"

Akavaa viatu polepole. "Nimesahau kuuliza."

Tukateremka. Alikuwa ameshika mkono wangu kwa sababu ya utelezi, au alisema ni kwa sababu ya utelezi. Akaniambia aliingia amejaa hasira, akakuta giza na watu wote wanapayuka, akasema atangoja wamalize awagombeze. Hawakumaliza. Miguu ikamuuma, akakaa. Pembeni yake kulikuwa na mama mmoja anamweleza Mungu kwa machozi kwamba nguruwe wake hali. "Nguruwe!" akasema. "Nikaona, kama nguruwe anasemewa hapa, mwanangu naye atasemewa. Nikaanza. Na hakuna aliyenigeukia kunitazama. Tangu niolewe, mtoto wewe, sijawahi kulia kwa sauti bila mtu kuuliza nani kafa."

Darajani akasimama. "Huyo wenu. Kweli hana sura? Hata sanamu moja, hata chungu?"

"Hana, Mama. Haonekani. Ndiyo maana mimi ilinishinda. Sikujua namna ya kukaa na asiyeonekana."

Akanitazama kama ananitazama mjinga. "Na Taeseop unamwona?"

"Sijamwona tangu mwaka mpya."

"Mimi nimemwona? Na kila jioni wali wake uko penye joto. Unadhani mimi mwendawazimu, sijui kwamba yuko kwa Waarabu? Namwekea ili nyumba isimsahau, na mimi nisizoee kuwa bila yeye." Akavuta kamasi. "Kile kijiko chako nacho ni hivyohivyo. Ungeniambia hivyo tangu mwanzo, ningekuelewa. Ukainamisha kichwa kama kondoo."

Nikamwomba msamaha palepale, magoti kwenye theluji. Akasema niinuke, nguo atafua nani.

Ndiyo hivyo, Mama mdogo. Tambiko hajaacha, na anasema hataacha kuwakumbuka wazee wake kwa sababu ya kanisa la bati. Mchungaji amekuja kunywa chai, wamebishana, wameachana wakicheka. Mimi simsukumi. Chungu kiko kwenye rafu yake, mfuko unaning'inia mbele bila kificho. Ananilaumu kijiko changu ni kidogo. "Mungu wako ni mkubwa na unampimia kama kifaranga," anasema, halafu anatia konzi.

Usiku, kabla ya kulala, mabakuli mawili yako penye joto. La pili ni bakuli langu la zamani, lile lililopasuka ukingo. Nilimwambia kwamba Mungu hali wali. Akanijibu, "Taeseop naye hali huu, unaula wewe asubuhi. Nyamaza." Nimenyamaza. Asubuhi tunaugawana na kuumwagia maji ya moto, na Mama mdogo, siku hizi naufurahia.

Mkataba wa Taeseop unaisha karibu na sikukuu ya mwaka mpya. Ameandika kwamba anakuja. Nawe uje, anasema mkwe wangu, tena uje na ile sauti yako aisikie mwenyewe. Ulete dagaa wa chumvi wa kwenu, ila kidogo, maana nyinyi watu wa Jeonju mnajulikana. Na hilo ulilonieleza kuhusu ukimya wako, nimelitunza, sikumwambia mtu. Nilifurahi kujua hata wewe.

Nakatisha hapa, kengele ya jioni imelia na leo kuna mkutano wa wanawake wa kutengeneza mishumaa ya Krismasi. Mama ameshavaa viatu. Amesimama njiani ananiita kwa jina langu, nyumba zote za jirani zinasikia.

Mwanao,
Malsun